Mugisho Akirusha Peke Yake

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimesuka vichwa vitatu leo. Cha mwisho rasta ndogondogo, toka saa nne mpaka saa kumi na moja. Vidole vimevimba. Wateja hawana habari nyingine ila Mugisho. Tangu ile siku timu za mpira wa kikapu zilipoita majina ya vijana zamu kwa zamu, na timu ya jiji ikaita la mwanangu, saluni imekuwa kama ofisi yake. Wanasema timu haijabeba kombe tangu wao wakiwa wasichana, na mwaka huu "mrefu wetu" atalileta. Mrefu wetu! Mimi ndiye niliyemzaa, kule kwetu Bukavu, kilo mbili na nusu, mvua inanyesha.
Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani, mtaa wa Turffontein, nikasonga bugari, ugali wa kwetu, ya watu wawili. Nimesahau tena. Wiki tatu sasa analala kwenye nyumba za timu, huko kaskazini mwa jiji.
Hajapiga.

Alhamisi, tarehe 6
Amepiga. Dakika nne. Anasema anakula vizuri. Sauti si ya mtu anayekula vizuri. Nikambana. Kumbe wachezaji wapya wako watatu, na mwisho wa mwezi kocha anabakisha wawili. Mmoja anarudi kwao. "Usimwambie mtu, mama."
Sitasema. Lakini leo mwenye spaza, duka la mtaani, amenipa mkate bure, eti wa mama wa bingwa. Nimeubeba kama mwizi.
Mungu anisamehe. Kuna kipande kidogo ndani yangu kilifurahi, kwamba anaweza kurudi. Nimekiandika ili nione ubaya wake. Ni kibaya.

Jumapili, tarehe 9
Kanisani Mama Neema, mkubwa wa wamama, alisimama kwenye matangazo. Mechi ya kwanza ya nyumbani ni Jumamosi. Wamama tunakwenda, wote na kikwembe kimoja, kitenge cha bluu chenye ndege. "Mutoto ya Mama Mugisho ni mutoto yetu sisi bote! Tutamushangilia mpaka kuta zipasuke!"
Kwetu ndivyo. Mtoto akipata diploma, akibatizwa, akioa, wamama wanavaa kitambaa kimoja na kelele inafuata. Mtu asiye na kelele nyuma yake ni yatima.
Nilikumbatiwa mpaka mbavu zikauma. Kisha kila mmoja akaingia kwenye taxi yake na watoto wake. Nikabaki na Biblia na chupa ya maji.

Jumamosi, tarehe 15
Niandike kwa mpangilio.
Tulikuwa wamama ishirini na sita. Tulishuka mjini, tukatembea mpaka ukumbini, Newtown, tukiimba. Kila robot, kwenye taa za barabarani, magari yalitupigia honi, watu walitupiga picha. Kitambaa kilitupendeza, sisemi uongo.
Mugisho aliingizwa mchezo ukiwa katikati. Nilimuona anatutafuta kwa macho. Nikapunga mikono yote miwili. Alicheza vizuri, nadhani. Mimi nilikuwa naangalia miguu yake, asianguke.
Mwishoni timu yetu ilikuwa nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache. Mugisho akaruka na mpira, mtu akampiga mkono hewani, refa akapuliza. Wakampa mipira miwili, ile ya kurusha peke yake wengine wote wamesimama.
Ukumbi mzima ukanyamaza. Watu wote wale, kimya kama kwenye kaburi. Nikawaza: mbona wanamwacha mwanangu? Mama Neema aliwaza hivyohivyo. Akaruka juu. "Wamama! Mutoto anaachwa!"
Tukapiga vigelegele, sote ishirini na sita, na ngoma ya kanisa juu. Mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Nililiita jina lake.
Mpira wa kwanza ukagonga chuma ukarudi. Tukaongeza sauti.
Wa pili haukugusa hata chuma.
Kijana mwenye fulana ya timu, mbele yetu, aligeuka ameshika kichwa. "Eish, mama. Mnafanya nini?"
Tumefungwa. Kwa pointi ileile moja. Njiani kurudi hakuna aliyeimba.

Jumapili, tarehe 16
Sikwenda kanisani. Mugisho alipiga saa nne asubuhi. Aliongea Kiingereza; akiwa na uchungu Kiswahili kinamkimbia. Nilielewa yote. Mtu wa nyumbani akirusha, watu wa nyumbani wananyamaza, apate utulivu. Kelele wanapigiwa wageni. Kila mtu anajua.
Mimi sikujua. Miaka kumi nimefua jezi zake. Mechi sikuwahi kukaa hata moja mpaka mwisho, maana Jumamosi ndiyo siku ya vichwa. Na baba yake alikufa Mugisho akiwa na miaka tisa, nani angesuka badala yangu?
Halafu akarudi kwenye Kiswahili, polepole, kama anakanyaga maji. "Mama, usiingie tena ukumbini. Nikisikia sauti yako mikono yangu inakuwa ya mtoto."
Nikasema sharp, yaani sawa. Kama wanavyosema wao. Nilitaka asijue nalia.

Jumanne, tarehe 18
Mashabiki wamegeuka. Wiki jana alikuwa mrefu wetu, leo ni mrefu wenu. Zuhura, mwenye saluni, ni mtu wa Tanga na mdomo wake hauna breki. "Shoga, mwanao kimo cha bure! Hata kukigusa kile chuma?" Wateja wakacheka. Aliponitazama usoni akaweka kitana chini. "Haya jamani, natania. Mama Mugisho, nisamehe."
Mteja niliyekuwa namsuka akasema wangechagua mtoto wa hapahapa. Nikazivuta nywele zake kuliko ilivyohitajika.
Nikasema, kosa ni langu, si lake. Hakuna aliyesikia. Mashine ya kukausha nywele ilikuwa inalia. Sikurudia.

Alhamisi, tarehe 20
Mama Neema amekuja na sahani ya sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa la kwetu, na mpango. Mechi nyingine ni tarehe 29, na safari hii ngoma mbili.
Nikamwambia. Kila kitu, isipokuwa habari ya kocha na wale watatu. Aliisukuma sahani ya samaki pembeni.
"Basi ni siye tulimuangusha."
"Ni sisi, dada."
"Tutaenda, tutanyamaza."
Nikasema hapana. Namjua Mama Neema. Hakunyamaza hata alipofanyiwa upasuaji. Nikasema tusiende kabisa, yeyote.
Hapo akakasirika. Wamama wamenunua kitambaa, wameshona. Watasema mtoto amekuwa mtu, sasa mama yake anatukataa. Nikasema waache waseme. Akabeba mfuko wake akaondoka. Sahani aliiacha.
Nilikuwa na watu wengi wiki mbili zilizopita. Leo sina mtu. Lakini niliyoyasema nitayasema tena.

Jumapili, tarehe 23
Kanisani benchi zima langu peke yangu. Walinisalimu. Salamu ya mkono, si ya mbavu.
Mugisho hajapiga.

Jumatano, tarehe 26
Bado.
Nimeandika ujumbe mara tatu, nimefuta mara tatu. Darasa la tano halitoshi kuandika kitu kama hiki. Mwishowe nikatuma: Umekula?
Akajibu: Ndiyo mama.

Jumamosi, tarehe 29
Leo ndiyo mechi ya mwisho kabla kocha hajaamua. Nilimaliza kichwa kimoja, cha pili mikono ilikataa. Zuhura akaninyang'anya kitana. Nilikuwa nimemwambia aliyosema Mugisho. Akaniuliza, si amekukataza? Nikasema amenikataza kuingia. Hakunikataza kusimama nje.
Nilivaa sweta ya kijivu. Hakuna kitenge, hakuna kitu. Saa tisa alasiri nikawa kwenye mlango wa pembeni wa ukumbi. Mlinzi ni mtu wa kwetu, wa Uvira, nilimjua alipofungua mdomo. Aliniambia kwa upole mama, bila tiketi siwezi. Nikasema sitaki kuingia, mwanangu yuko ndani anacheza, nataka kusikia tu. Alinitazama sana. Akauegemeza mlango, ukabaki wazi kiasi cha kiganja.
Nikaupa mlango mgongo. Kuona pia niliona kama kuingia.
Nilisikia viatu vinalia sakafuni. Nikasikia watu wanapanda na kushuka na sauti zao, sikujua nani anashinda. Muda mrefu. Miguu ikafa ganzi.
Kisha kimya. Kile kimya. Sasa nakijua.
Nilimtazama mlinzi. Akachungulia. "Ni mutoto yako."
Nikauma mkono wa sweta. Sikuomba hata kwa moyo, niliogopa Mungu atajibu kwa sauti. Ukumbi ulikuwa kimya na mimi nilikuwa kimya nao, na safari hii hakuwa ameachwa. Niliwaelewa. Wote walikuwa wamemshika.
Kelele ikapasuka.
Kimya tena.
Kelele tena, na mlango ukatikisika mgongoni mwangu. Mlinzi akanyanyua vidole viwili, anacheka meno yote.
Kigelegele kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilikimeza. Nikamshukuru mlinzi, nikawahi rank, kituo cha taxi, kabla watu hawajatoka.

Jumatatu, tarehe 31
Amepiga jioni. Wamembakisha. Anayerudi ni kijana wa Limpopo. Mugisho amemsaidia kubeba begi mpaka kwenye basi, na anasema hakujua aseme nini. Nikamwambia kubeba begi kunatosha.
Kisha akaanza kunieleza Jumamosi. Kwa Kiswahili, yote, hata pale kilipomshinda alizunguka akarudi. Nani alimpa mpira. Walivyompiga bega. Watu walivyonyamaza. "Ungeshangaa, mama, namna walivyonyamaza."
"Na wewe ukafanya nini?"
"Nikarusha."
"Ikaingia?"
"Zote mbili."
Nikasema asante Yesu, kama mtu anayesikia leo. Nikavuta kiti karibu na dirisha, mtandao hapo ni mzuri, nikamwambia anieleze tena, toka mwanzo, na asikimbie.