Rabi Amenirudisha na Amri Saba

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaguna, maana moyo umenijaa na hapa mjini Radautz sina wa kumwambia.

Mimi ni Mkristo kwa kuzaliwa, lakini mama alipofariki nikiwa mdogo, jirani yetu Frime, Myahudi, mke wa mwoka mikate, alinichukua akanilea kama wa kumzaa, na kaka yangu Toader akachukuliwa na baba mdogo kijijini, na ndiyo maana mpaka leo nikisikia harufu ya mkate wa kusuka Ijumaa mchana machozi yananitoka, namwona Frime ametandika kitambaa cheupe mezani, anawasha mishumaa ya Sabato, anajiziba macho kwa viganja, nami nachungulia katikati ya vidole vyangu nione kama naye anachungulia, na Leiser mumewe anaimba kwa sauti ya puani huku unga bado umemganda masikioni, Mshauri, nyumba ile ilikuwa na joto ambalo sijalipata tena popote. Wala hawakunibadilisha dini. Jumapili Frime alinipeleka mwenyewe hadi lango la kanisa, akaningoja nje kwenye theluji, na wanawake wakimcheka aliwaambia, "Mama yake aliniachia mtoto nimlee, hakuniachia nimgeuze."

Leiser alitangulia zamani, na kipupwe hiki Frime naye amenitoka. Ijumaa jioni natembea mtaani peke yangu, natazama madirisha ya watu yanavyowaka, basi nikaona heri niende kwa rabi nimwambie nataka kuwa Myahudi. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Binti yangu, sisi tumetwikwa amri mia sita na kumi na tatu, na migongo inatuuma. Wewe mjukuu wa Nuhu, kama wote wasio Wayahudi, umepewa saba: usiabudu sanamu, usimtukane Mungu, usiue, usizini, usiibe, usile nyama iliyokatwa kwa mnyama aliye hai, na haki isimamishwe mahakamani. Anayezishika hizo kwa moyo ana fungu lake katika ulimwengu ujao. Mzigo wetu unautakia nini?"

Nikatoka nimenuna. Saba! Kama mgeni anayepewa chai mlangoni asiingie ndani! Mimi sijaua mtu, wala sijamkata kuku paja angali anatembea, hizo saba nimezishika tangu nizaliwe bila hata kutoka jasho.

Na juu ya hayo kuna Toader ananivuruga akili, maana farasi wa Zeilig mchukuzi ameibwa na amekamatwa kibarua wake, Ostap, ambaye anaapa kwamba alimwona Toader, na kweli mimi alfajiri ile nilimwona Toader akipita nyuma ya uwanja wangu anamvuta yule farasi mwekundu, na sasa ananitaka nimwambie hakimu kwamba alilala kwangu mpaka jua lilipotoka. "Damu nzito kuliko maji, Domnica," ananiambia. "Hao Wayahudi wako wamekufukuza mlangoni. Ndugu yako ni mimi." Sijamjibu. Lakini hilo litapita, Mshauri, wewe nieleze tu nifanye nini ili rabi anikubali, maana nimechoka kukaa nje.

Domnica, Radautz


Domnica mwanangu,

Nimelia nawe. Mama yangu naye alijiziba macho hivyohivyo, nami nilichungulia, na hakuna Ijumaa isiyonirudisha jikoni kwake. Kumlilia aliyekulea si kosa katika dini yoyote. Ila sasa nimefuta machozi, nimevaa miwani, na nina maneno nawe.

Umejaza karatasi kwa mishumaa, na mtu asiye na hatia, anayelala kwenye sakafu ya mahabusu, umempa kipembe tu! "Litapita," unasema. Litapita likimkanyaga nani? Unalalamika umepewa saba, eti nyepesi kama unyoya. Haya, mbili kati ya hizo zimesimama kizingitini pako: ya wizi na ya haki. Ile ya haki hawakupewa mahakimu peke yao, maana hakimu asiye na shahidi mkweli ni kipofu aliyevaa joho. Ndoo imekushinda kuinua, nawe unaomba pipa!

Nikuulize, nawe ujijibu mwenyewe: unamtafuta Mungu, au unamtafuta Frime? Maana Frime, mwanangu, hayumo katika zile mia sita na kumi na tatu. Hata ukizishika zote, jiko lake litabaki baridi vilevile.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi nenda kwa Toader, usimtume mtu, umwambie usoni kwamba uongo huo hutausema. Mwombe amrudishe farasi na akajisalimishe mwenyewe. Akikataa, nenda kwa hakimu bila kungoja kuitwa. Damu ni nzito, ndiyo, na ya Ostap pia. Ijumaa acha kuzurura kwenye baridi. Bisha hodi kwenye nyumba yoyote yenye mishumaa, useme wewe ni mtoto wa Frime, uone kama kuna atakayekuacha nje. Na kesi ikiisha, kama Uyahudi bado unautaka, rudi kwa rabi. Atakurudisha tena, ndiyo desturi ya marabi kumpima anayeomba. Rudi mara ya tatu.


Wasomaji wangu, jibu hilo nilimtumia Domnica kwa posta siku ileile kwa kuwa kesi ilikaribia, na leo nalichapisha kwa idhini yake. Alikwenda kwa Toader. Toader akatema mate chini: "Myahudi we!" Domnica akamjibu, "Bado. Wamenikataa." Kisha akaenda kwa hakimu.

Ostap amerudi kwa mkewe. Farasi alipatikana mnadani Suceava, amekonda, na Toader anatumikia kifungo. Kwa rabi Domnica hajarudi. Anasema kwanza ana kazi. Kila Jumapili hupeleka nguo safi gerezani. Toader hatoki kumwona dada yake, hata salamu hatumi, ila zile chafu humpa mlinzi amkabidhi. Juzi Domnica ameniuliza kama aache.

Endelea kufua, mwanangu.