Alifu ya Mama Hupanda

Kobe, Ujapani
Ramadhani, kumi la mwanzo

Dada yangu Rukia,

Shikamoo. Naanza na afya yangu kwa kuwa najua ndiyo utakayoitafuta kwanza. Mimi mzima, nimefunga, na baridi ya huku imeshaanza kuniuma vidole lakini bado haijanishinda. Wewe hujambo? Shemeji na cherehani yake hawajambo? Watoto je? Na Mama? Hapo kwa Mama nakuomba usipapite haraka. Barua hii nimeiandika kwa herufi za skuli, za Kizungu, ambazo Mama hazijui, na nimefanya hivyo makusudi. Ni yako peke yako. Ukishaimaliza ndipo uamue kama utamsomea.

Utasema, huyu Suleiman kaanza tena dhana zake. Ndiyo, nimeanza. Tangu utotoni mlikuwa mkiniita Bwana Dhana, kwa kuwa sikuwa naanza kula mpaka nimeshatazama sahani za wenzangu. Lakini mtu aliyeondoka Unguja wakati nilioondoka mimi, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, watu wakizungumza huku wanatazama dirishani, hafiki ugenini akaanza kuamini mambo siku hiyo hiyo. Hata barua zenu, kabla sijazifungua, hutazama kwanza kama bahasha imetiwa gundi mara mbili.

Sasa nikupe habari zangu, maana humo ndimo jambo lenyewe lilimotokea. Mguu niliouvunja melini umeshaunga, na bado nipo kwenye karakana ile ninayofanya kazi tangu meli iliponiacha. Tunatengeneza mashine za mashua za wavuvi. Mashine ikiingia, hufungwa kwa waya kipande cha karatasi ngumu, kikaandikwa ugonjwa wake. Wenzangu wakiandika, mimi nikichora tone, maana yake mashine inavuja. Siku moja mwenzangu aliliona tone langu akadhani ni maji, kumbe mimi nilikusudia mafuta, akafungua upande usiokuwa na kitu. Siku nzima ikapotea. Tajiri, mwenye karakana, hakugomba. Aliniambia tu kwamba kuanzia kesho, kila alasiri, nitakwenda nyuma ya karakana kwa mama yake nikafundishwe kuandika.

Mama huyo mimi namwita Bi Haru. Ni mwembamba, kichwa cheupe chote, na hacheki. Wajapani wana herufi za namna nyingi, lakini wanazoanzia watoto huitwa hiragana, arubaini na kitu hivi, na hizo ndizo alizonianzisha, kwa brashi na wino mweusi. Nilidhani kazi ni kuifanya herufi yangu ifanane na yake. Kumbe siyo. Kila herufi ina mistari yake, na kila mstari una zamu yake, huu kwanza, huu wa pili. Ukiitoa herufi nzuri namna gani, kama mistari imerukiana zamu, kwake yeye hujaandika kitu.

Herufi iliyonitesa ni mo, kwa kuwa ndiyo inayoanza neno lao la kuvuja, moreru. Ni ndoana moja iliyokatwa na vijiti viwili. Mimi nikaona akili ni kuweka vijiti kwanza, halafu ndoana ipite juu yake. Bi Haru akasema hapana, ndoana kwanza. Nikamwitikia, naam, halafu alipokwenda kuteleka chai nikaandika ukurasa mzima kwa njia yangu. Alirudi, akautazama ukurasa, akautia mstari wote kutoka pembe hadi pembe. Umeanza na vijiti, akasema.

Dada, nani alimwambia? Nilikuwa peke yangu chumbani. Siku ya pili nikakaa nimeupa ukuta mgongo. Akajua. Siku ya tatu nikaifunika karatasi kwa mkono kama mtoto anayeficha hesabu zake. Akajua vilevile. Nikaanza kumchunguza. Nilikitafuta kioo ukutani, hakipo. Nikapapasa mlango wa karatasi kutafuta kitundu, nikakuta kitundu kweli, lakini ni cha paka. Mwisho nikamtegea: ukurasa mmoja, safu tatu za mo nikaandika kwa njia yake, moja kwa yangu, kisha tatu kwa njia yake tena. Aliweka kidole juu ya ile moja. Siku hiyo nilirudi chumbani kwangu nikasoma Ayatul Kursiyu, nakwambia kweli.

Nilipochoka nikamuuliza waziwazi anajuaje na hakuniona. Akaona ajabu kwamba ni swali. Akaiinua karatasi yangu dirishani, kwenye mwanga, akanionesha pale brashi inapotua, wino huwa mzito, na pale inaponyanyuka hubaki mkia, na ule mkia hutazama kule mkono unakokwenda. Ndoana yangu ilikuwa mkia wake hauendi popote, kwa kuwa nilishamaliza. Wa ndoana yake ulikuwa unaelekea kwenye kijiti. Tangu siku hiyo nimeacha kumdhania Bi Haru. Lakini dhana haikuniacha, ilihama tu.

Ikaja barua yenu ya mwisho. Kama kawaida, ukurasa wako kwa herufi za skuli, na ukurasa wa Mama kwa herufi za Kiarabu. Ilinikuta nakwenda darasani, nikaisomea huko huko. Mama anasema yeye mzima wa afya. Anasema amekwenda kwa miguu mpaka Michenzani kuyatazama hayo majumba marefu ya Wajerumani yanayojengwa, na akarudi kwa miguu. Anasema tajiri akinitaka nitie sahihi miaka miwili mingine, nitie, nisirudi sasa. Nilifurahi, kisha nikaacha kufurahi. Mama ninayemjua mimi alikuwa akizishuka ngazi za nyumba yetu ya Mkunazini kwa kukaa, kipandio kimoja kimoja, na akifika chini anamtukana fundi aliyezijenga. Lini magoti hayo yalifika Michenzani?

Bi Haru aliniuliza kama ndivyo tunavyoandika kwetu. Nikamwambia hiyo ni hati ya mama yangu, na kwa kujionesha nikaenda kumletea barua nyengine, ya zamani, katika hizo ninazoziweka kwenye kopo la biskuti. Akazilaza mbili hizo sambamba juu ya jamvi. Akatazama muda mrefu. Halafu akasema, "Futari."

Nikacheka. Siku ya kwanza ya mfungo nilimweleza nitakula nini magharibi, nikamfundisha na neno lenyewe, nikamsifia muhogo wa nazi mpaka mwenyewe nikajuta. Nikamjibu kwamba bado, jua halijachwa. Yeye hakucheka. Aliinua vidole viwili. Kwa lugha yao, dada, futari ni watu wawili.

"Futari," akarudia. Akaweka ncha ya kidole kwenye barua ya zamani, pale inapoanza "Ama baada ya salamu", kwenye ile alifu ya mwanzo, ule mstari mmoja uliosimama peke yake, akakipandisha. Akahamia kwenye barua mpya, kwenye alifu ile ile, akakishusha. Mwanamke asiyeijua hata herufi moja ya Kiarabu.

Unakumbuka, Rukia, lazima unakumbuka. Mama hakupelekwa chuoni kusoma Kurani. Alijifunza kwa kukaa mbele ya Mjomba, wamekabiliana, yeye akauona ubao kichwa chini. Mjomba akiivuta alifu kuja kwake, Mama aliiona inakwenda mbali naye, na hivyo ndivyo mkono wake ulivyoshika. Herufi zote alikuja kuzigeuza zikakaa sawa, alifu tu ilimkatalia. Anaianzia chini akaipandisha. Kalamu ya chuma ukiisukuma juu inakwaruza karatasi na kutema wino, ndiyo maana barua zake zote zina vidoa chini ya alifu, na marehemu Baba akisema zimetuliwa na nzi. Na sisi alipotufundisha, tukimwigiza, alitupiga vidoleni, akatwambia alifu huanzia juu. "Fateni mdomo wangu," akisema, "msifate mkono." Wewe ulimfuata mdomo kuliko sote.

Usiku ule ule nilizitoa barua zote koponi. Tangu ile ya Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, alifu zote zinashuka. Barua tatu. Safi, hazina doa hata moja.

Mwanzo niliwadhania wanaofungua barua za watu. Halafu nikasema hapana, mtu huyo anazijua habari za nyumbani, na hati yenyewe ni ya Mama, vitumbo vya herufi ya wau ni vya Mama, ila njia ya mkono si yake. Anayeweza kuandika hivyo ni mwanafunzi wake. Umeandika vizuri, dada. Umeandika sahihi mno.

Sikukasirikii, au nimekasirika kidogo. Najua hukufanya kwa ubaya. Labda macho yake yameingia ukungu, akakwambia andika wewe. Labda mkono umepooza, na mmeona mkiniambia nitaacha kazi nije. Labda alikuagiza kabisa, "Mwambie akae huko." Yote hayo nayaweza. Lipo jingine ambalo silitaji, kwa kuwa nimefunga na sitaki ulimi wangu ulianze. Naogopa, Rukia. Naandika mo mia kwa siku ili nisiliwaze.

Tajiri anataka jibu langu kabla mwaka wao haujaisha. Nikitia sahihi, nimefungika miaka miwili. Nisipotia, ipo meli inayokwenda Mombasa, na kutoka hapo najua njia. Nimemwambia nangoja barua ya nyumbani. Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja, na ukinipenda utakifanya hivyo hivyo ninavyosema.

Chukua karatasi tupu. Mkalishe Mama, mpe kalamu, aandike alifu moja. Isiwe ndani ya neno, maana alifu ikiungwa nyuma ya herufi nyengine kila mtu huipandisha, na mimi sasa haya mambo nayajua. Alifu moja imesimama peke yake. Usimshike mkono. Ikipinda ipinde, ikitema wino iteme. Kama kalamu haishikiki, achovye kidole. Nikiiona inapanda, nitatia sahihi nikae, na za kuandikiwa kwa mkono wako nitazisoma kwa furaha, mradi useme ni wako. Na kama hapana wa kuiandika, niletee karatasi hiyo hiyo tupu. Nitafahamu, na nitaondoka na meli hiyo. Ila usiniletee tena alifu iliyoandikwa vizuri.

Nisalimie Shemeji, mwambie suruali aliyonishonea imeshinda baridi zote za huku. Nisalimie Mama mdogo wa Mangapwani, nimemwandikia na yeye barua mbali, nikamuuliza jambo hili hili, kwa hivyo msikubaliane maneno. Nisalimie Bi Zena jirani wa chini na kashata zake. Watoto wabusu, na mkubwa mwambie asome kwa mdomo wa bibi yake.

Na Mama mpe shikamoo yangu. Marahaba yake usinijibie wewe.

Mdogo wako,
Suleiman