Salamu Zilizoingiza Hewa Kwenye Breki

Jumamosi jioni

Itangazwe kwa taifa zima kwamba leo, mbele ya kuku wanne, nimetoa hewa kwenye breki za gari letu. Mara tano.

Kazi yenyewe ni rahisi. Mke wangu anakanyaga pedali na kushikilia. Mimi chini nafungua nati, mafuta yenye hewa yanatoka, nafunga, ndipo anaachilia. Lakini barabara yetu ndiyo ya kupeleka majani chai, na hapa mtu mzima hasalimiwi ukiwa umeketi garini. Kila jirani akipita na kikapu, mke wangu anashuka kumpa mkono. Pedali inarudi, hewa inaingia tena.

"Mama Chebet, kanyaga!"

"Sasa nimsalimie mzee kwa mguu?"

Nimelalamika mchana kutwa. Kesho tunampeleka mama yangu kanisani, na ule mteremko wa Roret hauna mzaha.

Sasa ukweli. Mara ya tano aliyeingiza hewa ni mimi. Mama yangu alifika, nikachomoka chini ya gari kumsalimu, nati nikaiacha wazi. Akaangalia mafuta yakimwagika, akasema, "Baba Chebet, kesho nitatembea."

Tutatembea wote. Jumatatu nitaita fundi.