Jina la Kumi na Sita

Jumatatu, tarehe 5, mwezi wa tisa, 1814

Leo nimepewa kazi ambayo ningeomba apewe mtu mwingine yeyote hapa kisiwani Nantucket. Uriah Swain, mzee wa Mkutano wa Marafiki, dhehebu letu, alikuja asubuhi na karatasi nne safi. Karatasi nne! Sijaona karatasi safi tangu majira ya baridi. Akaziweka mezani polepole kama mtu anayeweka mayai. Niandike majina ya vijana wa kisiwa waliofungwa kule Uingereza. Eti mwandiko wangu hata Mwingereza mlevi atausoma.

Habari yenyewe ni njema, sikatai. Vita hivi vya Waingereza na serikali yetu changa ya Marekani vimeingia mwaka wa tatu, na kisiwa kimechoka. Manowari zao zimeziba bahari: meli za kuwinda nyangumi hazitoki, mahindi hayaingii. Basi wakuu wa mji wamepatana na amiri wao. Sisi tukae kando, tusilipe ushuru wa vita, nao wataziachia mashua za chakula zipite. Tena vijana wetu waliokamatwa wakiwa kwenye kazi ya amani watafunguliwa.

Kazi ya amani. Uriah alilirudia neno hilo mara mbili. Kila jina liandikwe na meli aliyokamatwa nayo. Aliyetoka kwenye meli ya mizinga ataachwa huko huko.

Nikasema sawa. Nikamkaribisha maji ya moto—chai hatuna.

Majina ni kumi na sita. La mwisho ni la mwanangu, Shubael Pinkham. Uriah anadhani alikamatwa kwenye meli ya nyangumi kama wenzake. Kisiwa kizima kinadhani hivyo. Ukweli uko kwenye barua iliyo chini ya godoro langu.

Jumanne, tarehe 6

Mama Deborah ametaka tena asomewe barua. Ni mama wa marehemu mume wangu, ana miaka themanini na mmoja, na mtoto wa jicho amemla macho yote mawili. Masikio bado anayo. Barua hii nimeshamsomea mara ishirini, na mara zote ishirini nimeruka mahali pamoja.

Naandika hapa mahali penyewe, kwa kuwa hakuna atakayepasoma; naruka kuanzia "Nilikwenda Boston":

"Mama, meli zote za nyangumi zilikuwa zimelala gatini, na nyumbani mlikuwa mnachemsha maganda ya viazi. Nilikwenda Boston nikajiandikisha kwenye meli ya mizinga, ile yenye kibali cha kuwinda meli za biashara za Waingereza. Kazi yangu ilikuwa kubeba baruti. Sikumpiga mtu. Lakini nilibeba."

Kisha naendelea kumsomea: gereza la mawe, ukungu usioondoka, ndui imewachukua wanne wa chumba chake, na yeye anakohoa ila kidogo tu. Kidogo tu! Mtoto huyu tangu utotoni hajawahi kusema anaumwa mpaka aanguke.

Kuruka si kudanganya. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Sisi Marafiki hatushiki silaha, na anayeshika Mkutano humtenga. Nikiandika kweli, mwanangu atabaki gerezani, na hata akitoka mzima atakuta mlango wa kwao umefungwa. Nikimwacha nje ya orodha, Uriah ataniuliza kesho yake: Shubael wako yuko wapi?

Nimeandika majina matatu. Mkono umechoka, sijui kwa nini.

Alhamisi, tarehe 8

Jirani yangu Eunice Paddack amekuja na kikapu cha mboji kavu ya kinamasi ya kuchoma, maana kuni kisiwani ni hadithi sasa. Ameniletea na habari: Waingereza wamechoma mji mkuu, na rais amekimbia akiacha chakula mezani.

"Chakula gani?" nikamuuliza.

"Sikuuliza, nisije nikalia."

Akaketi, akanyoosha shingo kuangalia orodha. Mwanawe Reuben ni wa saba. Alikamatwa kwenye meli ya nyangumi hasa, yenye mapipa ya mafuta na harufu yake, hana doa.

"Mwandike kwa wino mzito, Judith. Wasije wakasema hawakumwona."

"Wino wenyewe nimeuchanganya na maji."

"Basi changanya na machozi, hayo tunayo bure." Akacheka. Halafu: "Bara wanatuita wasaliti, unajua? Waingereza wanasema sisi Wamarekani, Wamarekani wanasema sisi Waingereza. Samaki peke yao ndio wanaotujua."

Nikamwambia fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Akasema nyasi zenyewe tumeshazila.

Nampenda Eunice. Alinishika mkono siku waliponiletea habari ya kuzama kwa mume wangu Peleg. Alipoondoka aliligusa jina la Reuben kwa kidole, wino haujakauka. Lina doa sasa. Sikulifuta.

Kumi na tano nimemaliza.

Jumapili, tarehe 11

Mkutanoni. Ibada ya ukimya, saa nzima. Zamani niliupenda ukimya huu, nilikuwa naingia kama mtu anayeingia kitandani. Leo nilikaa nikisikia tumbo la aliyekaa kando yangu likiunguruma kwa njaa.

Mwishoni Uriah alisimama akatusimulia. Alipanda manowari yao wiki iliyopita. Afisa alimletea Biblia aape kwamba orodha itakuwa ya kweli. Akakataa. Sisi hatuapi—ndiyo yetu ni ndiyo. Mabaharia wakacheka. Lakini afisa alimwangalia sana, mwisho akasema: nimeishi bandarini na watu wa dini yenu, hamuapi kwa sababu hamdanganyi, neno lako linanitosha. Ila nikikuta jina moja la uongo, nitaichana karatasi yote, na vijana wenu wote watabaki.

Watu walilia kwa furaha. Neno letu limekubaliwa na adui! Uriah naye alikuwa na machozi.

Mimi niliona baridi mpaka kwenye kucha. Nani atasema "ndiyo" mbele ya yule afisa? Uriah. Kwa mwandiko wa nani? Sina haja ya kuandika.

Ee Mungu, kwa nini hukunipa mwandiko mbaya!

Jumatatu, tarehe 12

Eunice alikuja asubuhi bila kikapu. Hakutania. Akatoa barua mfukoni mwa aproni, imekunjwa mpaka imekatika pembeni.

"Ya Reuben," akasema. "Ilikuja mwezi wa nne."

Akanionyesha mstari kwa kidole. Reuben ameandika kwamba Shubael Pinkham ameletwa gerezani pamoja na watu wa meli ya mizinga kutoka Boston, na kwamba wanagawana blanketi.

Miezi mitano alikuwa anajua! Miezi mitano anakuja kwangu, anakaa kwenye kiti kile kile, ananichekesha.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ni mtoto. Alikuwa na njaa, na wewe ulikuwa na njaa. Mimi ningekuwa na mtoto wa pili labda naye angekwenda." Akaishika meza. "Lakini sikiliza, Judith. Uongo wako ukigunduliwa, Reuben wangu anaoza kule. Na wengine kumi na wanne."

"Nani atagundua? Gereza lina maelfu."

"Gereza lina daftari! Waingereza wanaandika mpaka viroboto. Wakifungua ukurasa watamkuta hapo, na jina la meli yake ubavuni."

"Huenda wasifungue."

"Huenda. Kwa hiyo Reuben ni huenda?"

Nikamwambia Shubael anakohoa. Akasema anajua, Reuben ameandika, si kidogo. Anakohoa damu. Nilimpiga kofi! Mimi, Rafiki wa ukoo wa Marafiki, ambaye sijawahi kuinua mkono hata kwa kondoo. Hakulirudisha. Alisimama akishika shavu, akasema, "Sitakuchongea. Naapa—" akajikamata, maana hatuapi. "Nakuambia tu. Uriah hatasikia kwangu. Lakini usimfungie mwanangu ili umfungue wako." Akatoka, mlango akauacha wazi.

Mama Deborah alikuwa kwenye kiti chake muda wote, anasokota sufu. Nikamwambia, mama, umesikia. Akasema hakuna jipya alilosikia.

"Kivipi?"

"Unaponisomea ile barua, mwanangu, unavuta pumzi. Kila mara, mahali pale pale, baada ya maganda ya viazi. Mtu havuti pumzi pale ila kama anaruka shimo."

Nikaenda kupiga magoti mbele yake nikaweka kichwa mapajani pake kama mtoto. Nikamwomba aniambie la kufanya. Yeye ndiye mwenye msimamo mkali kuliko wote, katika vita vile vya kwanza, vya uhuru, yeye na Mkutano walimtenga kaka yake kwa kushika bunduki siku moja tu.

Kisha: "Nilimnyamazia kaka yangu miaka kumi na tisa. Alikuwa anakaa mtaa wa pili. Alipita hapo dirishani kila siku, na mimi nikihesabu nyuzi. Alikufa nikiwa bado nimenyamaza." Akanishika nywele. "Usiniulize mimi, Judith. Mimi nilifanya lililo sawa."

Jumanne, tarehe 13

Uriah anakuja mchana huu. Upepo ni mzuri, mashua inamngoja.

Nimepika mkate wa unga wa mwisho, kwa ajili yake. Nimefagia. Nimefagia tena.

Nilikwenda kwa Eunice asubuhi kuomba radhi. Alinifungulia, akanikumbatia, akalia. Wala hakuniuliza nitaandika nini. Nilitaka aulize.

Orodha iko hapa, ubavuni mwa daftari hili. Nafasi kumi na tano zimejaa. Wa saba ana doa la kidole. Wa kumi na sita: Shubael Pinkham, miaka ishirini. Halafu nafasi nyeupe.

Uriah hasomi vizuri bila miwani, na miwani yake ilivunjika. Kwa hiyo atasema nimsomee kwa sauti, yote, jina na meli. Ndiyo desturi yetu, karatasi ya Mkutano husomwa kabla haijatoka mkononi. Nitakachosema ndicho atakachokibeba.

Nimejaribu. Mama Deborah anasokota, mimi nasoma. Kwanza nimesoma ile ya kweli: Shubael Pinkham, meli ya mizinga ya Boston. Sauti haikutoka. Mara mbili, haikutoka.

Nikajaribu nyingine. Shubael Pinkham, meli ya nyangumi. Nikavuta pumzi katikati. Nikaisikia mwenyewe! Hata Uriah angeisikia.

Namwona. Anapanda njia, kofia mkononi kwa sababu ya upepo. Amesimama getini kwa Eunice. Wanaongea. Eunice anatikisa kichwa—anakataa nini? Anakubali nini? Uriah anamgusa bega. Anakuja.

Nimesoma tena. Meli ya nyangumi. Pumzi.

Tena. Pumzi ndogo.

Anapangusa viatu mlangoni. Siku zote anapangusa sana, ni mtu wa adabu. Nimechovya kalamu. Nafasi bado nyeupe. Nimesoma mara moja ya mwisho, polepole, Shubael Pinkham, miaka ishirini, meli ya nyangumi, na gurudumu la kusokotea la mama Deborah limesimama.

"Safari hii hukuvuta pumzi," anasema.

Uriah anagonga. Wino unadondoka kwenye ile nafasi nyeupe