Waya Niliouvuta Ukiwa Umeshazikwa

Dada Dama,

Mwezi wa tatu huu tangu tukuzike, na ndio kwanza mkono wangu unakubali kuandika jina lako. Nimekaa uani kwako hapa Junda, kwenye kile kiti cha plastiki ulichokifunga mguu kwa kamba. Mama amejilaza ndani. Nyumba imetulia, hakuna anayebisha kuulizia barafu za ukwaju ulizokuwa ukiuza.

Nataka kukueleza nilichokikuta katika nyumba hii. Sina mwengine wa kumweleza. Watu wakiniuliza ulikufaje, nasema stima, basi.

Siku ile uliponiambia friji inapiga shoti, ulikuwa ukicheka. Mpini wake ulikuwa umeuzungushia kipande cha leso kuukuu, ukasema sasa mmeelewana. Mimi nikatoa testa ya kupimia stima mfukoni, nikaigusisha kwenye bati la mlango. Taa yake ndogo ikawaka. Iliwaka, Dada, nami niliiona. Miaka kumi na moja natengeneza stima za mahoteli kule Shanzu, hakuna wa kunifunza maana ya taa ile. Ningeichomoa friji palepale. Lakini ilikuwa imejaa barafu zako, na uliniangalia kwa lile jicho lako la kuomba. Nikakuambia, "Vaa ndara kila ukiifungua. Jumamosi nakuja kuitengeneza."

Jumamosi ya kwanza jiko la hoteli lilikosa stima, wakaniita. Ya pili nilikuwa Kiembeni, kazini kwa watu. Ya tatu sikuwa na kazi yoyote. Nililala mpaka saa nane mchana, nikafua nguo zangu, nikakutumia ujumbe kwamba nimechoka. Ukanijibu, "Pumzika, mdogo wangu. Friji haitoroki."

Jumanne yake ukapiga deki. Mama alikuwa kanisani na kina mama wenzake. Ndara uliziacha mlangoni, usichafue sakafu mbichi. Jirani yako Mbeyu akakuagiza barafu mbili kupitia dirishani. Anasema alisikia mlango wa friji ukifunguka, kisha kimya, naye akadhani unatafuta mfuko wa kuzitilia. Alingoja. Alikuwa amekwisha kukuita mara tatu ndipo akazunguka na kuingia.

Nilipofika walikuwa wamekulaza mkekani. Sikuangalia uso wako kwanza. Niliangalia kiganja.

Tulikuzika nyumbani, Kaloleni. Mama hakumlaumu Mungu, alimlaumu Bi Mwanaidi, mwenye nyumba. Alisema mbele ya watu wote kwamba nyumba ya yule mama imemuua mwanawe. Bi Mwanaidi alikuja na umri wake wote, amejitanda buibui, akanyoosha mkono kutoa pole, Mama akaukataa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu nao. Nilikuwa na la kusema, nikainamisha kichwa, nikamwacha bibi wa watu abebe mzigo wangu.

Tuliporudi nikaenda kwake kuomba ruhusa ya kuzifungua nyaya za nyumba nzima. Akaniambia, "Fungua, mwanangu. Stima hii aliitia marehemu baba, mimi bado mwari. Tangu hapo hatujaigusa."

Nilikuta mambo ninayoyakuta kila siku kwenye nyumba za zamani. Pale kwenye meta, fyuzi ilikuwa imeungua zamani, na mtu akaweka kipande cha waya mnene wa shaba mahali pake. Fyuzi kazi yake ni kukatika stima inapozidi, ile isingekatika hata nyumba ikiwaka moto. Nikaing'oa, nikaweka swichi zinazojikata zenyewe. Nikapanda darini. Mpira wa zile nyaya za zamani ulikuwa umekauka, naugusa unapukutika. Maungio yamesokotwa kwa mkono na kuvishwa karatasi ya nailoni. Ndiyo maana taa ya chumbani kwako ilikuwa ikikonyeza, nawe ukisema ni panya. Nikatoa zote, nikavuta mpya, kila ungio nikalifunga kwa skrubu ndani ya kisanduku chake.

Mwisho nikaenda nyuma ya friji. Nilikuwa nikiikwepa.

Ile soketi nyeupe uliyojivunia, ya matundu matatu, aliyokutilia fundi wa mtaani. Niliifungua nikakuta nyaya mbili tu. Tundu la tatu halikuwa na kitu nyuma yake. Ule waya wa kijani na manjano, wa kuupeleka ardhini umeme uliovuja, haukuwepo nyumba nzima. Waya wa ndani wa friji ulichubuka ukagusa bati, na umeme ukabaki pale kwenye bati, hauna njia, mpaka ukaja wewe na miguu mitupu kwenye maji.

Nikapigilia kipande kirefu cha shaba hapa uani, kando ya bomba, mpaka kikazama chote, nikavuta waya wa ardhi kufikia kila soketi. Nikaweka na kile kifaa kinachokata stima mara tu ikivuja. Nilikijaribu kikakata. Nikakijaribu tena na tena, Mama amesimama mlangoni ananitazama.

Nyumba nzima ilinichukua siku mbili. Friji yako peke yake ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Kuichomoa, hata pumzi moja haifiki.

Jumapili iliyopita nilimwambia Mama. Alikuwa akichambua mchicha. Nilimweleza testa ilivyowaka, nilivyokuambia uvae ndara, na zile Jumamosi tatu, hata ile niliyolala. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Najua. Kila Jumamosi asubuhi Dama aliondoa masufuria juu ya friji, akaivuta kutoka ukutani, upate pa kuingiza mkono. Jioni akiirudisha."

Kumbe alijua tangu mwanzo. Alipokuwa akimlaumu Bi Mwanaidi mbele ya watu, alikuwa akinisitiri mimi. Kesho yake alijifunga leso akaenda kumwomba radhi yule mama, wakalia pamoja mpaka adhuhuri. Mimi hajaniambia neno. Ananipakulia chakula, anakiweka mezani, anapita. Nilidhani nikisema nitapata nafuu. Sikupata. Nimemwondolea tu Mama kile kisingizio alichokuwa akikishikilia.

Hotelini nimeacha. Nilikuwa nikishika swichi, nasimama tu, mpaka wenzangu waje kunigusa bega. Mbeyu aliponiambia pasi yake inamtekenya, nilitoka saa hiyohiyo, nikaichomoa kabla hata sijamwamkia. Nikamtilia waya wa ardhi, kisha na nyumba ya pili, na ya tatu. Wananishukuru. Kila asante inaniumiza, maana nawaona wamesimama wazima kwenye sakafu zao.

Sikuombi unisamehe, Dada. Ukiwa hai ungenisamehe kabla sijamaliza sentensi, nikakosa hata pa kulia. Sasa huwezi, na sitajisamehe kwa jina lako.

Nimehamia chumbani kwako. Nguo zako sijazigusa. Nakuahidi nitakaa na Mama, anitazame au asinitazame, maji nitamtekea, dawa yake ya presha nitamkumbusha. Akija kuniita siku moja, nitaitika "abee" na kwenda mbio, nikiwa na kazi yoyote mkononi. Hajaniita bado.

Lala, Dada yangu. Ardhi ya nyumbani ikulaze vyema kuliko nilivyokutunza.

Mdogo wako,
Kache