Dari Uliyoibomoa kwa Ajili ya Mabomba Yangu

Na jambo jingine, Elia mume wangu, ambalo mtandao ulilikata jana nikiwa katikati ya maneno: nimemwambia Injinia ukweli. Wote. Kaa kwanza nikusimulie, maana wiki sita za ndoa hazijanifundisha kufupisha, na huko Singida uliko huwezi kuniziba mdomo kwa busu.

Unakumbuka ulivyokuwa hunipendi? Usikatae! Mimi msimamizi wa mabomba, pampu na viyoyozi kwenye lile jengo la ghorofa tatu Miyuji, wewe fundi wa dari, na sheria ya saiti ni moja: dari haifungwi mpaka mabomba yaliyo juu yake yajazwe maji, yapewe presha, na mshale wa geji usimame palepale. Basi kila asubuhi ulikuja ukaegemea ngazi yako ukaniuliza, "Dada wa mabomba, leo tunafunga, au tunaendelea kutazamana?"

"Tazama tu," nilikujibu, "macho hayana pazia."

Siku nilipokuruhusu kufunga korido ya ghorofa ya pili, uliifunga kama mtu anayepamba keki ya harusi. Hata mimi, niliyekuwa nimekununia, nilipita chini yake mara tatu bila shughuli yoyote. Kesho yake Injinia akataka mabomba yapimwe tena. "Naenda kupokea wageni," akasema. "Nikirudi saa nane nikute mshale umesimama. Yakivuja safari hii, dada, utarudi kwenu Chamwino ukapogoe zabibu." Na hakuwa akitania, maana nilishavujisha mara mbili.

Nikafunga pampu ya majaribio kule chini, nikapandisha presha hadi kumi. Mshale ukashuka. Tisa. Nane. Moyo wangu nao ukashuka. Nikapanda ngazi mbio, nikapayuka mbele ya mafundi wote: "Ni skrubu ya Elia! Katoboa bomba langu! Fungua dari!"

Hukubishana. Ulishika nyundo. Ukatoa ubao wa kwanza wa jipsamu, pakavu. Wa pili, pakavu. Ulipofika wa nane ulikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope, na juu yako mabomba yangu yamekauka kama mto wa Dodoma mwezi wa kumi.

Ndipo tukamsikia mama lishe wa saiti akipaza sauti huko chini: "Jamani, nani kawawekea kuku wangu maji? Mungu ambariki!"

Kuku watano, mpenzi, wameinamisha shingo chini ya pampu yangu, wanakunywa kwa zamu. Valvu ya pampu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikivuja, kwa sababu mimi mwenyewe sikuikaza. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaikaza, nikapandisha presha upya, mshale ukasimama kama askari.

Saa nane Injinia akarudi, akatazama geji, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainua macho akaona korido imeachama. "Na hii nini?"

Wewe ukapangusa uso, ukasema, "Mbao nilizipanga vibaya, bosi. Nafunga upya. Mabomba ya dada ni salama."

Elia! Ningekuwa na shela siku ile ningelivaa palepale juu ya helmeti.

Lakini nilinyamaza, na hilo ndilo linaloniuma. Injinia akakuandika kuwa fundi wa kurudiarudia kazi, na ulipotokea mradi mdogo wa zahanati huko Singida, akakusukumia wewe, harusi yetu ikiwa imetimiza siku tisa tu. Kila nikitandika kitanda, upande wako ukibaki umenyooka, najua ni ulimi wangu ulioufanya hivyo.

Jumatatu nikaingia ofisini kwake, nikamwaga yote. Nilijua huenda natoka pale bila kazi.

Injinia akauliza taratibu, "Kuku?"

"Kuku, bosi. Watano."

Alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza akakunja uso, akanipa barua ya onyo, nikaipokea kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa. Kisha akavuta daftari lake, akalifuta mbele ya macho yangu lile neno alilokuandikia. Amesema ukimaliza hapo unarudi Miyuji, korido ya ghorofa ya tatu ni yako. Na kwa kuwa mabomba ya zahanati hayajapimwa, akaninyooshea kidole: "Kapime wewe. Na uanzie kwenye pampu!"

Kwa hiyo, mume wangu, usikaze hata skrubu moja mpaka unione. Kituo cha basi mtafute yule mwenye begi la spana mkono mmoja na kanga mpya mkono wa pili, anayecheka peke yake. Mwezi huu hautaisha sijafika.

Mkeo anayekupenda kupita kiasi