Udongo Niliochota Kwenye Lundo

Furaha, mudogo wangu,

Barua hii nitaisoma kwa sauti siku ya Mungu, kanisani, mbele ya bamama ba kwaya, kabla ya kukutumia huko Walikale. Mbele yao njo nilikusema vibaya.

Unakumbuka miche yetu ya marakuja hapa Karuba, kwenye sashe nyeusi za plastiki nyuma ya jikoni? Kila asubuhi uliinyweshea ukiichokoza: "Amukeni, wavivu, kwaya imeshaanza." Na mimi ukanitania, "Yaya, funga macho ukiomba. Miche haitakimbia."

Kisha majani machanga yakawa njano, mishipa tu ikabaki kijani. Agronome, yule mutaalamu wa kilimo, akanituma nimuletee udongo wa ndani ya sashe zenye kugonjwa, kule chini kwenye mizizi. Mvua ilikuwa inanyesha, nami nilikuwa nachelewa mazoezi. Nikachota kwenye lundo la udongo karibu na mulango, udongo ambao haujawahi kulisha muche hata mumoja. Akaupima, akasema, "Udongo iko muzuri, mama. Angalieni upande wa maji."

Maji ilikuwa kazi yako. Nikasema mbele ya bamama wote ba kwaya, "Ni Furaha. Iko na mukono mubaya." Ulisema tu, "Basi, yaya, naweka ndoo chini." Juma ile ile ukaenda kwa mujomba.

Mimi nilijua nilipochota. Kila asubuhi niliungama zambi zingine, hiyo nikairuka.

Mwaka huu nanyweshea mwenyewe, na majani yamekuwa njano tena. Safari hii nilipasua sashe tatu, nikatoa udongo wa kwenye mizizi. Agronome akaukoroga na maji ya mvua, akachovya karatasi yake ya kupimia udongo. Ikageuka buluu.

"Mama, nani anaweka majivu humu?"

Ni mimi. Kila nilipotoa majivu kwenye mafiga niliimwagia miche, nikifikiri naisaidia, tangu wakati wako. Akanieleza: majivu ikizidi, chakula iko pale pale karibu na muzizi, lakini muzizi unashindwa kukila.

Haikuwa mukono wako, Furaha. Ilikuwa wangu, mara mbili.

Ndoo yako iko pale ulipoiweka. Natumia sufuria ya jikoni. Ile sithubutu kuishika. Sikuombi urudi kunyweshea. Nataka tu ujue kwamba bamama wale wale watakuwa wamesikia, kwa kinywa kile kile.

Mungu akutunze kuliko nilivyokutunza.

Yaya wako